Fundi wa Jinja na Kazi ya Mbale

Wajukuu wangu, leteni ramani ya Uganda muitandaze hapa mkekani. Jinja hii hapa, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Mbale ile kule, kaskazini mashariki, chini ya Mlima Elgon ambao Wagisu wanauita Masaba. Sasa mmoja achukue penseli afuate barabara: Jinja, Kakira, Magamaga, Iganga, halafu Nakalama. Hapo Nakalama kata kushoto, pita Namutumba, pita Tirinyi, pita Kamonkoli, umefika Mbale. Ni karibu kilomita 140.

Mwingine afuate reli. Reli nayo inatoka Jinja, inapita Iganga na Busembatia, lakini haikati kushoto. Inanyoosha mashariki mpaka Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, ndipo inapogeuka kaskazini kuitafuta Mbale. Hata mtu wa gari, akizungukia Tororo kama reli inavyozunguka, atakwenda karibu kilomita 175. Kwa nini waliojenga reli waliamua kuzunguka? Nitawaambia. Kwanza nina fundi mmoja wa kuwajulisheni.

Fundi huyu ni wa umeme. Jina lake msiniulize, maana nimewachanganya mafundi wengi niliowajua nikapata mmoja, na sote tutamwita Fundi. Anakaa Walukuba, mtaa wa Jinja uliojengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi. Walikuja watu wa kila kabila kutafuta kazi za viwandani, na kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili kikawa cha wote.

Siku moja simu ya Fundi inalia. Anayepiga ni mwalimu mkuu wa shule moja ya Mbale, upande wa Namakwekwe. Wamemaliza kujenga madarasa mapya na wanataka umeme: waya, swichi, soketi, taa.

"Kazi ya wiki tatu, Fundi. Nipe bei yako."

"Nipe siku mbili, mwalimu. Nifanye hesabu."

Mngedhani hesabu ni ya waya na taa tu. Hiyo ndiyo rahisi. Hesabu ngumu ni ya kufika. Mwalimu wenu wa shuleni ana mshahara: akichelewa kwa sababu mvua imeharibu njia, mwisho wa mwezi mshahara bado upo. Fundi ni mkandarasi, wengine husema kontrakta. Yeye anapatana bei moja kwa kazi nzima, na analipwa kazi ikikamilika. Saa anazokaa njiani hakuna anayemlipa. Nauli hakuna anayemrudishia. Tairi likipasuka Namutumba, tairi ni lake na hasara ni yake. Akisahau kuiweka safari ndani ya bei, atakuwa amejikata ujira kabla hajavuta waya wa kwanza.

Basi Fundi akachukua daftari akaanza na gari. Analo gari dogo la mtumba, la kubebea mizigo nyuma. Bei za mafuta hupanda na kushuka, kwa hiyo tutumie namba za mfano, nanyi mbadilishe mnavyotaka. Tuseme lita moja ya petroli inampeleka kilomita 10, na lita moja ni shilingi 5,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 280, yaani lita 28. Mara 5,000, unapata shilingi 140,000.

Wengi huishia hapo, wakafunga daftari, na hapo ndipo hasara huingia. Gari halili petroli peke yake. Tuseme tairi nne zinagharimu shilingi 1,000,000 na zinakwenda kilomita 40,000 kabla ya kuwa vipara. Gawanya: kila kilomita inakula shilingi 25 za tairi. Kwa kilomita 280 ni shilingi 7,000. Tuseme tena kubadilisha oili na vichujio ni shilingi 200,000 kila baada ya kilomita 5,000. Kila kilomita ni shilingi 40, na safari nzima ni shilingi 11,200. Jumlisheni. Kwenda na kurudi ni shilingi 158,200, na bado hatujagusa breki wala springi.

Fundi akageuza ukurasa, akaandika: taksi. Uganda taksi ni lile gari la abiria 14, ndugu yake matatu ya Kenya na daladala ya Tanzania. Tuseme nauli ni shilingi 20,000 kwenda na 20,000 kurudi. Bodaboda ya kutoka nyumbani mpaka steji ni 3,000, na ya kutoka steji ya Mbale mpaka shuleni ni 3,000 nyingine. Kwenda na kurudi bodaboda zinakuwa nne, shilingi 12,000. Halafu kuna mizigo. Fundi wa umeme hasafiri na mkoba wa vitabu. Ana ngazi, drili, rola za waya, mafungu ya paipu. Akiwaza tu kuhusu ngazi, anaisikia sauti ya kondakta:

"Fundi, hii ngazi ni abiria wa ngapi?"

"Ifunge juu, kaka. Haiombi kiti."

"Juu kuna kuku, kuna ndizi, na sasa kuna ngazi. Lete elfu kumi."

Elfu kumi kwenda, elfu kumi kurudi. Jumla ya taksi: 40,000 na 12,000 na 20,000, yaani shilingi 72,000. Haifiki hata nusu ya gharama ya gari!

Msishangilie bado. Taksi haiondoki mpaka ijae. Gari lake lingemfikisha kwa karibu saa tatu, maana njia ina matuta na vituo vya biashara, na wastani wa kilomita 50 kwa saa ni wa kweli zaidi kuliko ndoto ya 100. Kwa taksi, ukihesabu bodaboda, kusubiri abiria, kushusha na kupakia njiani, tuseme saa tano. Amepoteza saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kama saa moja ya Fundi akiwa kazini ina thamani ya shilingi 6,000, hizo saa nne ni shilingi 24,000. Ongeza juu ya 72,000, unapata 96,000. Taksi bado ni nafuu.

Ndipo Fundi akakumbuka kuwa haendi peke yake. Ana vijana wawili wanaomsaidia. Akaanza upya. Ndani ya gari lake watatu wanakaa kwa gharama karibu ileile ya mmoja, shilingi 158,200, kwa sababu injini haiulizi majina ya waliopanda. Kwa taksi kila kichwa kinalipa: nauli na bodaboda ni 52,000 kwa kila mtu, mara tatu ni 156,000, ongeza mizigo 20,000, ni 176,000. Na hapo hatujahesabu saa za yeyote. Sasa gari limeshinda.

Mmeona kilichotokea? Njia ileile, petroli ileile, ngazi ileile. Kilichobadilika ni idadi ya viti vyenye watu. Gari la mtu mmoja lina viti vitatu au vinne vinavyosafiri bure, na mwenye gari ndiye anayevilipia nauli. Kila mara mtu akikuambia kwamba gari ni ghali, au gari ni rahisi, muulize kwanza: limebeba wangapi?

Asubuhi yake Fundi akamkuta jirani yake, mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake, ameketi barazani.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nzuri, mwanangu. Naona daftari mkononi. Unadaiwa?"

"Nina kazi Mbale. Napima niende kwa gari au kwa taksi."

Mzee akacheka. "Zamani ungenijia mimi nikukatie tiketi."

Na hapa, wajukuu wangu, ndipo ninapowajibu lile swali la kwanza: kwa nini reli ilizungukia Tororo.

Mwaka 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, ikaishia hapo. Aliyetaka kuvuka kuja Uganda alipanda meli. Miaka michache baadaye serikali ya Waingereza ikawahimiza wakulima wa Uganda walime pamba, maana viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa na njaa ya pamba. Busoga wakalima, Bukedi wakalima, Teso wakalima. Pamba ikajaa maghalani. Itafikaje baharini?

Huko kaskazini kuna Ziwa Kyoga, na Mto Nile unatoka Ziwa Viktoria kwenda kumwaga maji yake humo. Ungesema mashua zishuke na kupanda mtoni. Haiwezekani: kutoka Jinja kwenda mbele mto ulikuwa na maporomoko baada ya maporomoko. Mashua ingevunjikavunjika. Basi wakajenga reli fupi kando ya mto, kutoka Jinja mpaka Namasagali, mahali ambapo mto unatulia. Ilifunguliwa mwaka 1912, ikaitwa Reli ya Busoga. Haikuungana na reli nyingine yoyote. Ilikuwa na ziwa huku na mto kule.

Fuateni gunia moja la pamba ya Teso. Linapakiwa kwenye mashua Ziwa Kyoga. Linashushwa Namasagali, linapakiwa kwenye treni. Linashushwa Jinja, linapakiwa kwenye meli. Linashushwa Kisumu, linapakiwa kwenye treni nyingine. Linashushwa Mombasa, linapakiwa kwenye meli ya kwenda Ulaya. Kila linaposhushwa kuna mpagazi wa kulipwa, kuna mvua ya kulilowesha, kuna siku za kulisubirisha. Fundi akasikia hayo akatikisa kichwa, maana aliikumbuka ngazi yake: bodaboda, taksi, bodaboda.

Waingereza nao walichoka na kupakia na kupakua. Katika miaka ya 1920 wakaleta reli mpya kutoka Nakuru, ikapanda Eldoret, ikashuka mpaka Tororo, ikaingia Busoga na kuungana na ile reli ya zamani pale Mbulamuti. Mwaka 1928 Jinja ikawa imeunganishwa na Mombasa kwa chuma kitupu, bila meli. Mwaka 1929 tawi likatoka Tororo, likapita Mbale mpaka Soroti, kuchukua pamba ya Bukedi na Teso na kahawa ya Bugisu. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile pale Jinja, na treni ikafika Kampala.

Sasa itazameni tena ile penseli yenu. Reli ya Mbale imeelekezwa Tororo kwa sababu Tororo ndiyo njia ya Mombasa, na Mombasa ndiko pamba ilikokuwa inakwenda. Jinja na Mbale zikawa matawi mawili ya shina moja, kila moja ikitazama bahari, hakuna iliyomtazama mwenzake. Ofisini walipochora ule mstari hawakumfikiria fundi wa Jinja mwenye kazi Mbale. Walifikiria gunia.

"Lakini watu walipanda," mzee akasema, na uso ukachangamka. Walipanda kwelikweli. Kuanzia mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, viwanda vikaota, na watu wakamiminika kutafuta kazi. Mwenye chake kidogo alikaa daraja la tatu, kwenye benchi la mbao, na kapu la chakula magotini. Stesheni kubwa zilikuwa na wauza mayai ya kuchemsha, ndizi za kuchoma, karanga. Kuku alisafiri, godoro lilisafiri, na ngazi ya Fundi ingesafiri katika behewa la mizigo bila mtu kuiuliza ni abiria wa ngapi.

Nini kilitokea? Mambo mengi, moja baada ya jingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikabaki na reli yake, mabehewa yake na matatizo yake. Uganda ikaunda shirika lake la reli wakati nchi iko katika taabu kubwa, vipuri havipatikani, na baadaye vita vikaja. Malori yakachukua mizigo. Mizigo ilipopungua, pesa za kutengeneza reli zikapungua. Reli ilipozidi kuchakaa, treni zikaenda polepole zaidi. Zilipokwenda polepole, hata mzigo uliobaki ukakimbilia malori. Mwishoni mwa miaka ya 1990 treni za abiria zikasimama. Upande wa Mbale na kaskazini nyasi zikaota katikati ya mataruma, na watu wakapafanya njia ya miguu. Na Namasagali, ile bandari ya mtoni? Majengo yake ya reli yakageuzwa shule ya sekondari.

Fundi akauliza swali ambalo hata nyinyi mngeuliza: "Mzee, kama treni ilikuwa nzuri hivyo, mbona ilishindwa na lori?"

Mzee akampa jibu la mtu anayejua chuma. Nanyi fanyeni jaribio hili dogo. Chukueni gololi muisukume juu ya sakafu ya saruji, kisha muisukume kwa nguvu ileile juu ya mchanga. Kwenye saruji inakwenda mbali. Kwenye mchanga inasimama upesi, maana mchanga unabonyea na kuila nguvu yake. Tairi la gari ni la mpira, linabonyea kila linapozunguka, na kila kubonyea kunakula petroli. Gurudumu la treni ni chuma juu ya chuma. Halibonyei kiasi cha kuonekana, kwa hiyo injini moja inavuta mzigo ambao malori mengi yangeugawana.

Lakini ulaini huohuo una adhabu yake. Chuma juu ya chuma hakishiki vizuri mlimani, ndiyo maana reli hutafuta njia za tambarare na kuzunguka vilima ambavyo gari linavipanda moja kwa moja. Reli yetu ya zamani, ambayo chuma kimoja na kingine vimeachana kwa mita moja tu, ina kona nyingi na haitaki haraka. Tena ni njia moja: treni mbili zikikutana, moja husubiri stesheni mpaka nyingine ipite. Na juu ya yote, treni ni nafuu ikiwa imejaa. Behewa tupu ni ghali kuliko gari lolote. Hiyo ndiyo hesabu ileile ya viti vya Fundi, ila hapa viti ni mamia.

Fundi akafungua daftari akaandika safari ya treni ambayo haipo. Njia ya kuzungukia Tororo aliikadiria kilomita 180, mwendo wa reli ya zamani kilomita 40 kwa saa. Saa nne na nusu ndani ya treni, na bado kuna kubadilisha treni Tororo. Mwenye gari angekuwa ameshafika, amekunywa chai, amefunga swichi mbili.

"Umeona?" akamwambia mzee. "Ingekuwepo, ingenichelewesha."

"Ingekuchelewesha," mzee akakubali. "Lakini ungefika umelala. Sasa utaendesha wewe, jioni, baada ya kushinda juu ya ngazi."

Neno hilo lilimgusa Fundi, kwa sababu anaijua njia ile. Karibu na Kakira kuna malori ya miwa yenye matela marefu, mengine taa za nyuma hazionekani kwa mbali. Mbele ya Namutumba barabara inakatiza mabonde ya Mto Mpologoma, kwenye mashamba ya mpunga, na msimu wa mavuno watu huanika mpunga pembeni kabisa ya lami, watoto wakiufukuzia kuku. Mwenye usingizi barabarani anahatarisha maisha yake na ya yule mtoto wa mpunga. Hakuna safu ya daftari ya kuandika gharama hiyo, na kwa sababu haiandikiki, watu huiruka. Fundi mwenye busara huiweka kwa namna nyingine: anapanga asiendeshe usiku, hata kama kulala Mbale kunamgharimu.

Na hali ya reli leo? Haikufa. Kampala, mwezi wa Desemba 2015, treni ya abiria ilirudi kati ya jiji na Namanve, ikawabeba wafanyakazi wanaokimbia foleni. Reli ya zamani ya Tororo kwenda Gulu, ile inayopita Mbale, ikapewa kampuni ya China Road and Bridge Corporation iifufue, kwanza kabisa kwa mizigo. Mwezi wa Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki mkataba wa kujenga reli mpya ya kisasa, ya treni za umeme, kutoka Malaba mpaka Kampala, kilomita 272. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyojenga reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro, ambako abiria walianza kusafiri Juni 2024 kwa treni zenye uwezo wa kilomita 160 kwa saa. Mkandarasi wa Morogoro mwenye kazi Dar es Salaam sasa anapima kweli, gari au treni, wala si kwa kumbukumbu za mzee.

Reli hiyo mpya ya Uganda itapita mashariki kuelekea Tororo, kwa hiyo kona ya Mbale bado ipo. Je, itamfaa Fundi? Pigeni hesabu. Jinja mpaka Tororo ni karibu kilomita 130. Treni ikienda wastani wa kilomita 100 kwa saa, atafika Tororo kwa saa moja na dakika 18. Kutoka hapo mpaka Mbale ni karibu kilomita 45 za barabara, chini ya saa moja. Njia ni ndefu kuliko ile ya Tirinyi, lakini muda ni mfupi. Mzunguko haumdhuru msafiri mwenye mwendo. Kinachomdhuru ni kushuka na kupanda, kusubiri, na ngazi ya kuhamisha. Kwa hiyo, mkikua na kuwa wapangaji wa miji, msijenge stesheni mkasahau kupanga taksi za kuwapokea wanaoshuka.

Basi Fundi aliamua hivi. Waya na paipu nzito atanunua Mbale kwenyewe, asibebe chochote kinachopatikana dukani kule. Kila wiki ataendesha gari Jumatatu alfajiri na vijana wake wawili, watalala shuleni kwa wiki nzima katika chumba ambacho mwalimu mkuu atawapa, na kurudi Jumamosi kabla ya giza. Kama wangekwenda na kurudi kila siku, safari 18 zingekula shilingi 2,847,600. Kwa mpango wake ni safari tatu, shilingi 474,600. Petroli haikushuka bei hata shilingi moja. Alichofanya ni kuipanga safari kabla ya kuipanga kazi.

Akaandika bei yake, akampelekea mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaisoma mstari kwa mstari, akapiga simu.

"Fundi, waya nimeuelewa, taa nimezielewa. Huu mstari wa usafiri ni wa nini? Mbale hakuna mafundi?"

"Wapo, mwalimu, tena wazuri. Ulinitafuta mimi kwa sababu ya kazi niliyofanya kwa jirani yako. Kazi yangu iko Jinja, na njia ina bei yake."

Wakapatana. Mwalimu mkuu alipunguza kidogo, Fundi akakubali kidogo, kama ilivyo ada.

Sasa tupige hesabu ya mwisho, halafu mkacheze. Tuseme treni ingekuwepo, na nauli ni shilingi 10,000 kwa kila safari. Watu watatu, kwenda na kurudi, ni 60,000. Bodaboda zao ni 36,000, mizigo tuache palepale 20,000. Jumla ni 116,000 kwa wiki, badala ya 158,200. Tofauti ni shilingi 42,200. Kwa wiki tatu ni 126,600. Pesa hizo Fundi hatazikosa, maana ameshaziweka kwenye bei. Shule ndiyo itakayozilipa, na shule itazitoa kwenye ada, na ada inalipwa na wazazi wa Namakwekwe, wengi wao hawajawahi kupanda treni wala hawana safari ya Jinja.

Kazi yenu ya nyumbani ni hii. Muulizeni baba, mama au mwalimu awaonyeshe karatasi ya bei ya fundi yeyote aliyefanya kazi mtaani kwenu: wa bomba, wa paa, wa madirisha. Tafuteni mstari wa usafiri. Kama haupo, muulizeni fundi aliuficha wapi, maana lazima umo.